Nusu Yangu ya Ngoma ya Wawili

1.

TANGAZO
Wakazi wa Huruma wanaarifiwa kwamba onyesho la baleti la Jumamosi litafanyika ukumbini kama lilivyopangwa. Ngoma ya wawili ya Makokha na Kagendo imeondolewa, kwa kuwa mchezaji mmoja amesafiri.
Kamati ya Ukumbi

2.

Mchezaji mmoja amesafiri. Wa pili ni mimi.

Tangazo nimelibandua. Liko mfukoni.

3.

Wewe unayedhani baleti ni mambo ya wasichana, kaa hapo nikueleze. Mfalme wa Ufaransa aliicheza mwenyewe, amevaa dhahabu, anajifanya jua, na wakuu wa kasri wanamzunguka. Mimi nilizaliwa kuwa jua. Nilichelewa tu miaka mia tatu na ushee.

4.

Halafu wakaja wanawake juu ya ncha za vidole, gauni jeupe, wepesi kama mizimu. Mwanamume akarudishwa nyuma. Kushika kiuno, kuinua, kutoonekana.

Nguzo.

5.

Mazoezini, kabla ya kumwinua Kagendo, nilikuwa namnong'oneza: moja, mbili, haya. Siku moja, akiwa juu mikononi mwangu, alinijibu:

"Acha kuangalia watu, Makokha. Ukiniangusha, nitakuangukia wewe."

6.

Kibandani kwa Mama Achitsa wanaongea kana kwamba sipo. Yule msichana kapata shule ya baleti Afrika Kusini. Na kijana wake? Si ataenda kubeba mawe mjengoni kama wenzake.

Wakacheka. Mama Achitsa akaniongezea maharagwe.

7.

Niliyemwinua juu, kapaa na hakushuka,
Mikono ingali juu, haijui pa kushika.

8.

Kisha wakatokea wachezaji waliochoka na umizimu. Wakavua viatu, wakapinda migongo, wakakanyaga sakafu kama wanaotwanga. Wakazomewa. Leo wapo wanaocheza bila hadithi, hata bila muziki.

Bila mwenzi?

Sijasoma popote.

9.

Ijumaa Mwalimu Nduta, anayetufundisha baleti, alinikuta ukumbini. Alinipa ngoma ya peke yangu, ile ya kuruka, ile niliyomsumbua nayo tangu nijiunge. Nikaikataa. Nikamwambia nitacheza nusu yangu ya ngoma ya wawili, yote, nyuma ya nafasi ya Kagendo.

"Nusu yako ni kusimama nyuma na kushika. Watu wataona nini?"

"Wataona kwamba hayupo."

Akaniambia nikapige shati pasi.

10.

(Kagendo, kutoka mbali)

Huku kuna vioo kila ukuta. Nikigeuka nakutana nami. Kijana ninayecheza naye ni hodari, ana mikono mizuri, ila hanong'oni. Kila mara naruka nimechelewa. Wananiuliza nasubiri nini.

Nasema: samahani.

11.

Jumamosi. Viti vya plastiki vimejaa. Mama Achitsa yuko mbele na kanga yake ya sikukuu. Mwalimu Nduta anabonyeza spika, inakoroma, muziki unaanza.

Nasimama nyuma ya mahali patupu. Mikono kwenye urefu wa kiuno chake.

Mtu anacheka. Mtu anamnyamazisha.

Siangalii watu.

moja

          mbili

Mikono inapanda, mizito, kana kwamba imembeba.