Sikio la Mkwe

Jumamosi asubuhi msusi alikuwa akimwosha binti yake nywele saluni, na sikio la kushoto la mpenzi wa binti lilikuwa limewekwa pembeni, juu ya taulo, lisirukiwe na maji.

Kijana alilibandua mwenyewe walipotimiza mwezi wa kupendana, akalitunga kwenye uzi mwekundu, akamvika binti shingoni. Damu haikutoka. Darasani wenzake walimwonea gere, maana wao waliambulia pipi tu.

Msusi naye aliona mwanawe kaangukia pazuri. "Baba yake alikuwa na masikio yote mawili," aliwaambia wateja, "na hakunisikia hata siku moja!" Wateja wakacheka hadi rola zikawadondoka.

Sikio lenyewe halikuwa na makuu. Mezani lilikaa karibu na chumvi. Ila likisikia jina la mvulana yeyote, simu ya binti iliita papo hapo: "Huyo nani?" Binti akaacha kuwataja wanafunzi wenzake, akaacha netiboli, mwisho akaacha kucheka kwa sauti, kwa kuwa kicheko kilimtia kijana wasiwasi. Mama mtu akasema mtoto amekua, ametulia. Akajipongeza kwa malezi.

Sasa, kichwa kikiwa kimejaa povu, binti alinyoosha mkono, akachukua pamba, akaliziba lile sikio barabara.

"Mama, nisikilize haraka. Jana alinikaba. Akasema nikimwacha..."

Msusi alikuwa na miaka mingi kazini. Wateja huzibwa masikio kwa pamba maji yasiingie, na pamba ikilowa hutolewa. Hii ilikuwa imelowa povu. Mkono wake ulikwenda wenyewe, ukaichomoa binti akiwa bado anasema.

Simu ikaita. Binti akapokea kwa vidole vyenye povu.

"Hapana, mpenzi. Nilikuwa namtania mama."

Ndipo msusi alipoitazama shingo ile, aliyokuwa akiiosha muda wote huo. Alama zilikuwepo: vidole vinne upande huu, gumba upande wa pili. Alikuwa amedhani ni alama za uzi. Akafungua mdomo amwambie mwanawe asirudi tena kwa yule kijana, na kwamba watakwenda kumshtaki leo hii, wawili wao.

Sikio lilikuwa limejigeuza juu ya taulo, linamwelekea yeye.

"Inama, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini kabisa. "Maji yanapoa."