Kamera Aliyonichagulia Gasper

Gasper kanizidi umri, lakini sikuwahi kumwamkia shikamoo hata siku moja. Kwetu mtoto wa mjomba ni mtani wako tangu mnazaliwa, na mtani haamkiwi, anatukanwa. Akiingia kwangu Newala ananiita bibi kizee asiye na meno, mimi namuuliza kama huko Masasi sabuni imeadimika. Kwenye harusi zetu alikuwa anaficha viatu vya bwana harusi mpaka apewe kuku mzima. Mama yangu, ambaye ni shangazi yake wa tumbo moja na baba yake, alikuwa akitusikiliza anacheka mpaka anashika mbavu. Nilimpenda sana Gasper. Watu wengine niliwaheshimu, yeye nilimpenda.

Mimi ni fundi cherehani. Picha napiga kwa kupenda tu, hakuna anayenilipa na sitaki anilipe. Kwa miaka nilitumia simu: maua ya mikorosho, ukungu unaopanda kutoka bonde la Ruvuma asubuhi, mikono ya akina mama wanaobangua korosho. Gasper ndiye mpiga picha wa kazi. Ana studio Masasi mjini, na hakuna harusi wala kipaimara cha ukoo wetu ambacho hakukipiga yeye. Kwa hiyo msimu ule korosho zetu zilipouzwa vizuri, nikasema sasa nanunua kamera ya kweli, ile kubwa ya DSLR yenye lenzi ya kuchomoa na kubadilisha, ningemuuliza nani mwingine?

Sababu ya kuitaka ilikuwa mama.

Mama anakaa Chilangala, na ni mmoja wa wanawake wachache waliobaki pale wenye nembo usoni. Alichanjwa akiwa msichana: mistari ya paji la uso, na mashavuni mistari inayokunjana na kukunjuka mpaka karibu na masikio. Wageni wamekuja mara nyingi na makamera yao, akawafukuza. Alikuwa anasema, "Wanaubeba uso wangu wanaondoka nao, mimi hawaniachii hata kipande." Mimi mwenyewe nilimpiga mara moja kwa simu, kwa kuvizia. Simu yangu ina tabia ya kulainisha ngozi bila kuombwa, ikamfuta nusu ya nembo. Mama alipoiona alikasirika siku nzima. Jioni akaniambia, "Esther, ukipata kamera yenye macho mazima, nitakukalia. Mara moja tu, usinisumbue tena."

Basi nikaanza kusoma. Nilisoma mtandaoni mpaka mume wangu akauliza kama narudi shule. Nikaipenda kamera moja mpya, si ya ghali sana, nikamtumia Gasper picha yake.

Akanipigia hapohapo. "Mpya ya nini wewe bibi kizee? Ukinunua mpya unalipia boksi. Tafuta iliyotumika kidogo, hela itakayobaki weka kwenye lenzi. Lenzi ndiyo inayopiga picha."

"Na hiyo iliyotumika kidogo naipata wapi?"

"Kuna mtu wangu Dar, hanidanganyi. Niachie mimi. Wewe utauziwa kibovu, Wamakonde mnanunua kwa kuangalia rangi."

Mama yake ni Mmakua wa Lukuledi, ndiyo maana anajipa ruhusa ya kutusema hivyo. Nikamjibu matusi yangu, tukacheka, nikamwachia.

Siwezi kusema hakujua kamera ile ni ya nini. Tulizungumza wiki nzima. Aliniambia nichukue lenzi ya hamsini, kwa kuwa haivuti pua ya mtu wala haipanui mashavu. Akasema betri mbili, kwa sababu umeme wetu naujua mwenyewe. Kadi mbili za kumbukumbu, maana moja siku zote inakufa siku ya shughuli. Kipulizio cha mpira cha kutolea vumbi, begi lisiloingiza maji. Kisha akaniuliza mama atakaa kwenye kiti au kwenye kigoda. Nikasema kigoda. Akasema, "Basi stendi itabidi iwe ya miguu inayoshuka mpaka chini, lenzi ilingane na macho yake. Ukimpiga shangazi kutoka juu utamfanya mtoto." Nilikata simu nikiwa na machozi, kwa furaha ya kuwa na ndugu wa namna hiyo.

Nilishuka Masasi kuvichukua. Alikuwa amevipanga mezani kama mahari. Tuliijaribu kamera mlemle ndani ya studio yake, na mapazia yake yale meusi. Alinionyesha jinsi ya kufungua tundu la lenzi mpaka mwisho ili mwanga mdogo utoshe, nikampiga yeye akitoa ulimi. Picha ilitoka safi kabisa. Nilitaka tutoke nje kidogo nijaribu juani. Akasema anasubiriwa na wateja, nitajaribu kwetu, jua la Newala halina kodi.

Jumapili nikaenda Shimo la Mungu, pale nchi inapokatika ghafla unaliona bonde lote chini yako. Nilibana tundu la lenzi kama alivyonifundisha, ili cha karibu na cha mbali vyote vionekane. Nyumbani nikaona kitu angani, kidogo, kimepinda kama ukucha uliokatwa. Nikampigia.

"Kunguru huyo," akasema.

"Kunguru gani anakaa mahali pamoja picha zote?"

"Basi vumbi. Usiguse ndani, utaiharibu. Ukija nitalitoa." Kisha akaniambia macho yangu ndiyo yenye vumbi, tukacheka. Nilipuliza kwa kile kipulizio mpaka mkono ukachoka. Alama haikutoka, lakini nilijiambia kama Gasper amesema vumbi, ni vumbi.

Mama alichagua siku mwenyewe. Alivaa kanga ambayo nilikuwa sijaiona tangu utoto, akajipaka mafuta, akaweka kigoda juani mbele ya mlango. Nikamwambia kivulini pangefaa zaidi. Akakataa. "Kivulini nembo zinalala. Nataka ziamke." Pia alitaka mkorosho wa nyuma ya nyumba uonekane, kwa kuwa aliupanda na baba. Nikabana tundu, nikaisimamisha kamera wima, nikashusha stendi mpaka ikalingana na macho yake. Hakutabasamu. Alitazama moja kwa moja kama anayesubiri mtu ajieleze. Nilimpiga mpaka aliposema, "Inatosha, mgongo."

Kwenye kile kioo kidogo cha kamera sikuona kasoro. Nilisafishisha picha kubwa Newala, nikampelekea. Mama aliisogeza karibu na macho, akaanza kuipitia kwa kidole, polepole, kama anayetafuta njia ya shamba la zamani. Paji la uso. Shavu la kulia. Shavu la kushoto. Hapo kidole kikasimama.

"Hii si yangu."

"Ipi, mama?"

"Hii." Aligusa picha, kisha akagusa shavu lake. "Aliyenichanja alipita hapa, akapita hapa. Hapa hakupita. Nani kaniongezea?"

Ilikuwa alama ileile iliyopinda kama ukucha. Imekaa katikati ya nembo zake, imeufunika mkunjo mmoja mzima. Ilikuwepo kwenye picha zote za siku ile, mahali palepale. Mama akanirudishia picha.

"Umenipiga vizuri, mwanangu. Lakini huyu ana uso wa mtu mwingine."

Nikainua macho ukutani. Ukutani kwa mama kuna picha ya kipaimara cha binti yangu Wema, aliyoipiga Gasper miaka mitatu nyuma. Mbingu juu ya kanisa ni nyeupe, na kwenye ule weupe kuna ukucha. Niliishusha, nikaigeuza wima, nikaiweka kando ya picha ya mama. Alama zikalingana. Nikashusha ya harusi ya kaka yangu, mbingu yake nayo ina ukucha. Nilikwenda kwa mama mdogo, nyumba ya tatu kutoka hapo, nikasimama sebuleni kwake hata sijamsalimia vizuri. Ukutani kwake pia ulikuwepo. Ukoo mzima tulikuwa tumeutundika ule mkwaruzo, na hakuna aliyewahi kuuona.

Hakukuwa na mtu wa Dar. Gasper aliniuzia kamera yake mwenyewe iliyochoka, yenye mkwaruzo kwenye kioo cha ndani kinachopokea picha. Aliijaribu gizani kwa kuwa alijua gizani, tundu likiwa wazi, mkwaruzo hauonekani. Alinipiga changa la macho, mimi mtani wake, na kile kipulizio alinipa nipulizie mkwaruzo.

Nilimkuta studio, watu wamepanga foleni ya picha za pasipoti. Shingoni amevaa kamera mpya. Ilikuwa ileile niliyomtumia picha yake, ile aliyoniambia nitalipia boksi.

"Gasper," nikasema, "kamera uliyoniuzia ni yako."

Nilidhani atakataa. Angekataa ningekuwa na la kufanya, ningepiga kelele, ningetoa picha mfukoni. Badala yake alipiga makofi kwa furaha. "Kanigundua! Jamani, huyu bibi kizee kanigundua! Nilikuwa nahesabu tu lini." Akawageukia watu wa foleni. "Mtani wangu huyu. Nimemuuzia mkweche!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akasema watani hawafai kabisa. Na mimi nikacheka. Mdomo ulifunguka wenyewe kwa mazoea ya maisha yote. Nilicheka pale mbele ya meza yake huku roho inaniuma, na hilo ndilo siwezi kumsamehe. Alijua kabisa nitacheka.

Nilipopata pumzi nikamwambia, "Nimempiga mama kwa hiyo kamera."

Akapunguza sauti. "Lete picha. Nalifuta hilo doa kwa kompyuta, dakika moja."

"Ukishafuta utajaza nini pale?"

"Ngozi. Inachukua ngozi ya pembeni inaziba."

"Chini yake kuna mkunjo wa nembo. Unajua ulikwendaje?"

Alikuna shingo. "Esther, nani atajua?"

Shangazi yake. Mwanamke aliyemlisha likizo zote za utotoni. Nilitoka bila kumuaga, na nyuma yangu nikasikia anawaambia wateja kwamba nimekwenda kutafuta kiboko.

Nilimbembeleza mama akae tena. Nilikwishaelewa jinsi ya kuukwepa mkwaruzo, ningefungua tundu, mkorosho usionekane basi. Alikataa, akakataa, mwishowe akasema, "Labda Pasaka." Katikati ya Kwaresima akaanguka jikoni. Kiharusi. Hospitali walifanya walichoweza, akarudi na uhai wake, lakini upande wa kushoto wa uso umeshuka. Nembo za shavu lile zimevutwa chini, zimebanana, hata mimi niliyezitazama tangu nanyonya siwezi kusema mkunjo ule ulipita wapi. Mama mwenyewe anaushika, anatafuta, anaacha.

Nilimhamishia kwangu. Picha nikaitundika juu ya kitanda chake, na doa lake. Ndiyo tuliyo nayo.

Gasper alikuja wiki ya Pasaka kumwona. Nilimsikia tangu uani, na sukari na sabuni mkononi, na kamera mpya kifuani. "Bibi kizee!" akaniita kabla hajafika mlangoni. "Bado hujafa tu? Nimekuja na jembe la bure!"

Kitandani, mama aligeuza macho kunitazama. Upande wa mdomo wake usiopooza ulianza kupanda. Alikuwa anasubiri jibu langu, kicheko chake cha kwanza tangu aanguke.

Nilifuta mikono kwenye kanga. Nikasimama mlangoni, nikakunja magoti kidogo, nikainamisha macho kama inavyopasa kwa mkubwa usiyemzoea.

"Shikamoo, kaka Gasper."

Akacheka. Akasubiri mkia wa utani. Mimi nilibaki vilevile, magoti yamekunjwa. Kicheko kikamwishia njiani.

"Esther, acha hizo bwana."

"Shikamoo, kaka. Karibu ndani. Shemeji na watoto hawajambo?"

Mama alinitazama, akamtazama yeye. Ule upande wa mdomo uliokuwa umeanza kupanda ukarudi chini, ukalingana na mwingine. Hapo Gasper akaiona picha juu ya kitanda, na macho yake yakaenda moja kwa moja mahali penye doa bila kutafuta. Alishika mkanda wa kamera kwa mikono miwili. Nadhani alitaka niseme lolote, hata kwamba ananuka.

"Marahaba," akasema mwishowe.

Nikamvutia kiti, nikaenda kumletea maji kwenye glasi ya wageni.