Bango Lisilofunguliwa

Bonge la mabango ya karatasi yaliyogandana lililala mezani, nene kama godoro la mtoto. Kila Rula, binti fundi wa karatasi wa chuo, alipolipuliza mvuke, tabaka moja lilijikunja pembeni, likaachia, na uso uleule ukachungulia kutoka chini. Uso wa Ramza. Ramza na taa mkononi. Ramza na kitabu. Ramza na mkate, eti anapinga kupanda kwa karo.

Nazira aliukaza mkoba wake mapajani. Chuo kilikuwa kimewaita wote wawili, yeye na Ramza, vikongwe wa Beirut wenye magoti yanayolia kuliko ngazi, waje kuyatambua mabango ya wanafunzi wa zamani. Hayakuwa na saini; siku zile polisi nao walijua kusoma. Lakini mkono uliochora Nazira aliujua kabla hajakaa kitini. Ulikuwa wa Fawzi, mumewe, aliyemzika mwaka juzi.

"Huyu tena ni mimi," akasema Ramza, nywele zimekolea hina mpaka zinatisha. "Andika, binti. Ramza Tabbal, mwaka wa pili, kiuno cha nyigu."

"Andika na umri wake wa leo," Nazira akasema. "Wasije wageni wakaomba namba ya simu."

Ramza akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomuudhi Nazira tangu usichana: mtu unamrushia jiwe, yeye analipokea kama tunda.

Mume aliye hai ukimwonea wivu, utamfungia mlango, utamfichia viatu. Aliyekufa utamfanya nini? Maisha yote ya ndoa Fawzi alichora majumba ya watu, akirudi nyumbani kalamu yake ikajaza fumbo la gazeti. Nazira hakuchorwa hata nyuma ya pakiti ya sigara.

"Ajabu ni hii," Rula akasema. "Mabango mengine ya ukuta wa kantini yalisombwa na mvua. Haya yamepona kwa sababu kuna mtu aliyabandika jipya juu ya la zamani upesi upesi, na gundi ya unga akaipika nzito kama uji wa mzazi."

Nazira akageukia dirishani. Mpishi wa gundi ile alikuwa yeye. Jikoni mwa bweni la wasichana, sufuria, unga, siki kidogo isiote ukungu. Wenzake walipaka pembe nne wakakimbia. Yeye alipaka kote, na hasa usoni, apate kumzika yule mwenye kiuno chini ya tangazo la mechi, la jioni ya mashairi, la chochote kile. Alidhani anamzika. Kumbe alikuwa anamtia achari.

"Alikuwa na bidii, mtu huyo," akasema Ramza, macho kwenye karatasi.

Yakabaki mabango mawili. Rula akaweka chini kopo lake la mvuke.

"Haya yamegandana, bibi zangu. Nikiyalazimisha, la juu litachanika, na huenda likaondoka na la chini. Hili la juu linatangaza mkutano wa Aprili."

Aprili ile Nazira aliikumbuka kwa harufu. Fawzi alikuja kwao na mama yake na sinia la vitamu, kuposa, vidole vyake vikinuka wino. Ikiwa chini ya tangazo hili yumo Ramza, basi Fawzi alikuja kuposa na wino wa mwanamke mwingine kuchani.

"Fungua," akasema.

"Mume ni wako, bibi, lakini sura huenda ni ya Bibi Ramza. Mkikubaliana wote, nafungua."

Ramza hakucheka safari hii. "Nazira, siku alipolichora hilo nilikuwepo. Namjua aliyemo. Nikwambie, karatasi ya watu isalimike?"

Nazira akamtazama, akitafuta ushindi au huruma. Akaona bibi kizee tu, rangi ya mdomo imepotea njia. Swali likamjaa kinywani. Aliyemo akiwa ni Ramza, ataishusha picha ya Fawzi ukutani, au ataizoea. Lakini akiwa ni yeye mwenyewe, Nazira? Hasira hii iliyomwamsha kila asubuhi tangu mazishi, ikamwasha moto na kumpikia chai, atamkabidhi nani? Hilo la pili ndilo lililomtisha.

"Liache, binti," akasema. "Andika tu kwamba halijafunguliwa."

Waliteremka ngazi kiubavu kama kaa, wameshikana, maana chuma cha kushikia kilikuwa upande mmoja.

"Leo hulali," akasema Ramza.

"Kulala niliacha zamani, na sijafa."

"Na nikifa na jibu hilo mimi?"

"Wewe hufi. Mumeo wa tatu alikungoja huko mpaka akachoka."

Walifika langoni. Teksi ya Ramza ilikuwa imeshasimama, dereva anapiga honi, na Nazira bado hajauachia mkono.

"Kesho asubuhi njoo kwangu," akasema. "Kahawa napika mwenyewe."

"Nije nikwambie?"

"Uje uninyime."