Palizi ya Shamba la Mlimani

Astérie alikuwa amepiga magoti kwenye mstari wa tano, anang'oa magugu na kuyalaza kati ya mistari ya mpunga, kama walivyofanya kwao, kwenye bonde la Imbo, kabla ya kuikimbia Burundi mwaka uliopita. Marsiana, mjane wa kijiji cha Simbo aliyemwazima shamba, alimkuta hapo.

"Shikamoo, mama," Astérie alimwamkia.

"Marahaba, Mama Ciza. Hebu rudi mstari wa kwanza uone."

Magugu aliyoyang'oa juzi yalikuwa yamesimama tena. Mvua ya usiku ilikuwa imeyashikisha mizizi.

Astérie aling'oa gugu moja tena. "Kwetu tulifungulia maji yakafunika shamba. Gugu likaozea humo. Kazi ya maji ilikuwa ya marehemu mume wangu."

"Hapa nani akufungulie? Huu ni mlima."

Ndipo Astérie alipoeleza kwa nini wiki tatu za kwanza hakupalilia kabisa. Alikuwa akingoja mvua ituame. Mvua ilinyesha, ikateremka yote kuelekea ziwani, na sasa magugu yalikuwa yameanza kutoa maua. Wakati wa kuazimana walikuwa wamekubaliana: yakiangusha mbegu, shamba linarudi kwa mwenyewe, maana mbegu hizo zingemsumbua Marsiana miaka mingi. Astérie hakuwa na shamba jingine la kulishia watoto watatu.

"Nimetoka nyumbani nikiwa na nia ya kulichukua," Marsiana alisema. Alitazama mistari kwa muda. "Lakini sikukwambia jinsi tunavyopalilia hapa. Sikujua kuna watu wanaopalilia kwa maji."

Akatua kikapu chake. "Tia humu. Tuyapeleke njiani, yakaukie huko."

Walifanya kazi bila maneno mengi. Wakati mmoja Marsiana alimshika mkono.

"Huo ni mpunga. Tazama hapa, jani linaposhika shina. Mpunga una masikio madogo, yana vinyweleo. Gugu hili halina."

"Ndiyo maana nalikataza halisikii."

Marsiana alicheka kidogo, akaendelea kung'oa.

Jua lilipokaribia milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, mistari tisa ilikuwa bado.

"Tuna siku nne hivi kabla mbegu hazijakomaa," Marsiana alisema. "Labda tano."

Astérie alichomeka kijiti mwanzoni mwa mstari uliofuata. Marsiana alikung'uta kikapu, akakigeuza juu chini karibu na kijiti ili mvua isikijaze, akaondoka mikono mitupu.