Gauni Lisilopanda Gari

Kila mtu pale Evolène alimwambia Hortense Follonier apande basi. Mumewe alimwambia, daktari wa magoti alimwambia, na mwanawe Gaëtan alipiga simu mara mbili kutoka Zinal kumwambia. Basi linashuka bonde la kwanza, linapanda bonde la pili, na kabla ya chakula cha mchana unateremka mbele ya kanisa nywele zako zikiwa bado zimechanwa. Lakini gauni la ubatizo la ukoo wa Follonier halijawahi kupanda gari. Tangu lilipodariziwa, limekuwa likivuka mlima mgongoni mwa bibi wa mtoto, kiangazi kwa miguu na wakati wa theluji kwa ski, zile mbao ndefu za kutelezea, na Hortense hakuwa tayari kuwa wa kwanza kulipakia pamoja na masanduku ya watalii. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, na magoti yake alishazoea kugombana nayo.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Mkwewe Noémie, mke wa Gaëtan, ni mtoto wa mjini, wa Lausanne, na siku ya Krismasi, kabla mtoto hajazaliwa, gauni lilipotajwa mezani alitabasamu tu na kusema, "Tutaona, mama." Maneno hayo yalimkaa Hortense rohoni tangu siku hiyo. Aliamini kabisa kwamba kuna gauni jingine, jipya, la dukani, limekunjwa kabatini likimsubiri bibi mkaidi achelewe dakika tano. Ubatizo ulipangwa saa tano asubuhi ya Jumapili, na padri alikuwa na misa nyingine mbali saa sita na nusu. Akichelewa, mjukuu wake wa kwanza angebatizwa akiwa na nguo ya dukani, na yeye angebaki kuwa kikongwe anayechekesha watu.

Kwa hiyo Jumamosi jioni ilimkuta kwenye kibanda cha Crête-Rousse, wanapolala wapanda mlima, juu ya mto wa barafu, pamoja na wifi yake Clémence. Huyu Clémence, dada wa mumewe, alikuwa amesambaza barua bondeni miaka thelathini, na kila barua alikuwa akiisindikiza na maneno yake mwenyewe.

Katika chumba cha kukaushia vitu waliwakuta wanaume wanne wa Bern wakitundika ngozi zao, yaani zile tepe ndefu za manyoya ambazo mtu hubandika chini ya ski ili apande bila kurudi nyuma. Mkubwa wao, jitu lenye ndevu lililoitwa Ueli Zbinden, alikuwa ameandika jina lake kwenye kila ngozi kwa rangi nyeusi, herufi za kutisha.

"Bwana, na chupi umeiandika jina?" Hortense akamuuliza.

"Nimeiandika, mama. Na namba ya simu."

"Mimi zangu nazijua kwa kuzigusa. Miaka arobaini, sijachukua za mtu."

"Hongera," Ueli akasema kwa Kifaransa chake kizito, akaendelea kunyoosha ngozi zake msumarini kana kwamba anaanika mashuka ya harusi.

Alfajiri Hortense alikuwa wa kwanza kutoka. Hakusubiri hata mlinzi wa kibanda awashe taa. Alipapasa msumarini, akachukua ngozi mbili, akazikunja na kuzisukumiza begini juu ya gauni. Kutoka Crête-Rousse unaanza kwa kuteremka, tena mteremko mkali, hadi kwenye barafu yenyewe, kwa hiyo ngozi hazihitajiki mpaka ufike chini. Wanawake hao wawili waliteremka kwa furaha wakipiga kelele, theluji mpya ikiwafika magotini, na mbingu ikaanza kupambazuka.

Chini, Hortense alifungua begi kubandika ngozi. Alikunjua ya kwanza. ZBINDEN, ikamwambia. Akakunjua ya pili. ZBINDEN.

Clémence alitazama, akatazama tena, kisha akakaa chini kwenye theluji kwa kicheko.

"Unazijua kwa kuzigusa!" alisema alipopata pumzi. "Wifi yangu mimi! Umemgusa mwanamume mzima wa Bern!"

"Nyamaza, Clémence."

"Na namba ya simu ipo?"

Namba ilikuwepo kweli, lakini simu haikuwa na mtandao pale chini. Hortense alijaribu kuzibandika. Ski zake ni fupi na nyembamba, na ngozi za Ueli zilimwagika pembeni zikafunika kingo za chuma zinazouma theluji. Ukipanda hivyo kwenye mwinamo mgumu, unashuka kwa makalio.

"Toa kisu," Clémence akasema. "Kata pembeni, kata nyuma, twende zetu. Utamnunulia nyingine."

Hortense alitoa kisu. Alikiweka kabisa kwenye manyoya, na moyo wake wote ulitaka kukata. Saa ilikuwa kumi na mbili kasorobo. Wakiondoka sasa hivi wangefika Zinal na muda wa kunawa uso. Lakini alijua ramani ya mahali pale. Ueli naye angeteremka na kujikuta chini ya mteremko, na ngozi za kamwanamke kafupi chini ya ski pana kama mbao za jukwaa, mbele barafu yenye nyufa, nyuma ukuta wa theluji. Mtu humwachi hapo. Hata aliyekucheka humwachi, na huyu hakuwa amemcheka mtu, ni Hortense aliyemcheka yeye.

Akakirudisha kisu mfukoni.

"Tunamsubiri."

"Basi nipe gauni nitangulie."

"Peke yako, bila kamba, juu ya nyufa? Kaka yako atanifukuza nyumbani."

"Kaka yangu atachinja ng'ombe kwa furaha," Clémence akasema, lakini akafungua begi lake akatoa mkate wa shayiri nyeusi, nyama kavu na kachupa ka pombe ya matunda ya aprikoti. Walikula wamesimama, wakirukaruka ili wasigande. Hortense alitazama mteremko kila baada ya tonge. Watu wa Bern walikuwa wanakunywa kahawa, alijua kabisa, kikombe cha pili, labda wanapaka siagi hadi pembe za mkate. Aliwachukia kwa roho yake yote, na akajichukia mwenyewe zaidi.

Walitokea saa moja kasoro kumi, mmoja nyuma ya mwingine. Hortense alimwendea Ueli huku amezinyanyua ngozi mikono yote miwili.

"Bwana Zbinden, mimi ni mjinga."

Ueli alisoma jina lake, akafungua begi lake, akatoa ngozi mbili nyembamba. Akazitazama kama mtu aliyepewa soksi za mtoto.

"Mama," akasema polepole, "kumbe jina halisaidii kama msomaji amelala."

Clémence alichekea tumboni mpaka akakohoa. Wale wanaume nao wakacheka, na Hortense, ambaye alikuwa amejiandaa kutukanwa, akaona aibu ikimtoka na kicheko kikiingia mahali pake. Aliwaambia kila kitu papo hapo: gauni, kanisa, padri, saa tano. Ueli alisikiliza huku akibandika ngozi zake.

"Njia ya nyufa unaijua?"

"Kwa kufumba macho."

"Usifumbe leo. Wewe utuonyeshe, sisi tukanyage."

Na kweli walikanyaga. Usiku theluji ilikuwa imeanguka nyingi kuliko alivyodhani, na kule juu ilifika mapajani. Hortense alijua moyoni kwamba wao wawili peke yao wangekuwa wanalima theluji ile mpaka mchana. Sasa majitu manne yalipokezana mbele yakifungua njia, yakipumua kama ng'ombe, na yeye katikati ya kamba alipaza sauti tu: kushoto, kushoto zaidi, sasa nyoosha, hapo chini pana shimo. Jua liliwakuta kwenye mwinamo wa mwisho. Clémence aliimba. Mmoja wa Bern alijibu kwa wimbo wa kwao wenye sauti za kupanda na kushuka, na kwa kitambo Hortense akasahau saa, maana hakuna kitu alichokipenda duniani kama kupanda hivyo, mwili una joto, barafu inameta kila upande na watu wazuri mbele na nyuma.

Walipofika kwenye pengo kati ya vilele, mahali pa kuvukia kwenda Zinal, ilikuwa saa nne na dakika ishirini na tano. Alibandua ngozi, akampa Ueli mkono, na Ueli akamvuta akambusu mashavu mara tatu.

"Nenda, bibi. Wifi yako tutamleta sisi."

"Nani amewaambia nataka kuletwa?" Clémence akasema, akateremka mbele yao wote.

Hortense aliteremka kama hakuna goti duniani. Theluji ya juu ilikuwa laini, ya katikati nzito, ya chini uji mtupu, na kwenye miti ya kwanza alivua ski akazibeba begani, akakimbia kwenye majani yaliyolowa. Hapo ndipo aliposikia kengele. Saa tano. Hakusimama, ila alilia huku akikimbia, machozi ya hasira, kwa sababu kanisa lilikuwa bado dogo sana huko chini.

Alifika saa tano na dakika ishirini na mbili, viatu vya ski vikigonga mawe ya uwanja. Watu wote walikuwa nje, juani. Padri alikuwa anatazama saa yake. Noémie alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kanisa, na mtoto mikononi mwake alikuwa amefungwa blanketi, miguu mitupu ikipiga hewa.

"Mama!" Gaëtan akapaza sauti. "Tulidhani umeanguka!"

Hortense alimtazama mkwewe.

"Mbona hajavaa?"

"Angevaa nini?" Noémie akauliza.

"Lile jingine. La dukani."

"Jingine lipi, mama? Mimi sikununua. Ulisema unakuja."

"Ulisema tutaona."

Noémie aliinamisha uso. "Gaëtan alinionyesha mlima wenyewe kutoka dirishani. Niliogopa. Nikasema, mtu apite kule juu kwa ajili ya mwanangu? Nitaanzaje kumwomba mtu jambo kama hilo?" Akavuta pua. "Padri alitaka kuanza. Nikamwambia aje ammwagie mtoto hapa nje hayo maji, lakini mimi ndani siingii."

Padri akaona heri aangalie mawingu, ambayo hayakuwepo.

Hortense akapiga magoti kwenye jiwe, magoti yake yaleyale, na akafungua begi. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi na vinanata gundi ya ngozi, havikuweza kushika hata kifungo kimoja cha vile vidogo vya nyuma. Alijaribu, akashindwa, akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Noémie akaviondoa vidole hivyo taratibu, akavishika kwanza kati ya mikono yake mpaka vikapata joto, kisha wakamvalisha mtoto pamoja, mmoja akishika kitambaa na mwingine akifunga.