Mkono wa Inspekta

"Kushoto? Asubuhi si alinywa kwa kulia?"

"Kulia, bosi. Najua."

"Unajua! Sasa picha ya asubuhi na ya sasa hivi nitaziunganisha kwa gundi?"

Mwongozaji shingo ilikuwa imemvimba. Mbele yake alisimama dada waliyemwita Macho. Kazi yake ni moja: mchezo huu wa polisi usionekane wa kijinga kwenye televisheni. Saa ya ukutani isirudi nyuma. Shati lililochanika lisijishone lenyewe.

Maiti alikuwa sakafuni, kalala ubavu. Jamaa alishauawa mara tatu katika mchezo huohuo, na kila mara Macho ndiye aliyembadilisha ndevu, nguo na upande wa kulalia, watazamaji wasije wakasema amefufuka. Mtu kama huyo utaacha kumheshimu?

Ila leo hata maiti aliona. Mzee anayecheza Inspekta alitaka kuinua kikombe kwa kulia, vidole vikagoma, vikawa vinatetemeka tu. Chai ya moto ikamdondokea maiti shingoni, naye akaumeza uchungu kimya, kazi ni kazi. Mzee akahamishia kikombe kushoto harakaharaka. Wote walijua bosi anatafuta sababu tu ya kumuua Inspekta kwenye hadithi alete sura mpya. Akigundua habari za mkono ule, mzee wa watu kwisha.

Macho naye aliutazama ule mkono. Mara moja tu.

"Kosa ni la asubuhi, bosi. Kipindi kilichopita Inspekta kapigwa nondo bega la kulia. Leo ananyanyuaje kikombe? Watu watatucheka. Nilitakiwa niseme, nikasahau."

Macho kusahau! Mtu anayekumbuka mpaka kifungo! Maiti nusura acheke, akauma meno.

"Umesahau," bosi akasema taratibu, na hiyo ndiyo ilitisha. "Nilisemaje juu ya mtu atakayeturudisha nyuma tena?"

"Anakwenda kwao."

"Basi tukimaliza leo, kusanya vitu vyako."

"Sawa. Ila ya asubuhi irudiwe, kushoto. Na vipindi vinavyokuja, kushoto vilevile, mpaka daktari wake aseme amepona."

"Daktari gani? Kwenye hadithi hatuna daktari!"

"Basi hajapona."

Bosi akafikiri, akatukana, akaita watu wa taa warudi.

Mzee akafungua mdomo. "Mwanangu, ngoja. Huyu bosi lazima ajue kwamba mimi..."

"Baba, kola imekunjika." Macho akaikunjua. Kisha akaushika ule mkono wa kulia, akauingiza polepole mfukoni mwa koti, kama anamlaza mtoto. "Ukae humohumo. Mtu mwenye bega bovu ndivyo anavyosimama."

Mzee machozi yakamlengalenga.

"Na hayo pia yafute," akamwambia. "Asubuhi hayakuwepo."

Akatazama chini. "We maiti, funga jicho."

Maiti akafumba moja. Kwa lile la chini, lililobaki wazi kidogo, akamwona anageuka na kuondoka, akiinua miguu juu ya dimbwi la damu ya rangi, asije akaacha alama ya kiatu.