Ukuta wa Mdomo wa Ryoba

Mume wangu Ryoba alikuwa na meno mengi kuliko akili. Soda alifungua kwa meno, mifupa alivunja kwa meno, na mimi alama yake ninayo hapa begani. Akikutana na wazee wa Kijaluo, wale waliong'olewa meno sita ya chini ujanani kwa desturi yao, alicheka mpaka machozi. Yeye ni Mkuria kamili, alisema, mdomo wake una ukuta.

Siku moja kwenye soko la ng'ombe Migori akamshauri Mzee Obunga, mmoja wa wazee hao, afunge geti, ulimi usije ukatoroka. Obunga alimshika masikio yote mawili, akampiga kichwa mdomoni, akarudia, akarudia, mpaka meno yote ya mbele ya chini yakabaki kwenye mavi ya ng'ombe.

"Karibu nyumbani, omera," akamwambia, yaani ndugu yangu kwa Kijaluo.

Aliporudi kwetu Kehancha, Ryoba alijitazama kwenye kioo changu, akakipasua kwa ngumi. Akaniuliza huyo Mjaluo wa kwenye kioo ameingia nyumbani lini. Nikacheka, nikapigwa. Tangu hapo alitembea amejifunga leso mdomoni, na hata uji alikunywa akinigeuzia mgongo.

Sasa, kijiji kimoja cha Wakuria karibu na mpaka kiliibiwa ng'ombe. Vijana wa huko wakamkuta Ryoba njiani mchana, anaswaga ndama wake, uso umefungwa kama wa mwizi. Wakamwambia afungue. Akakataa, afadhali afe kuliko waone pengo. Rungu la kwanza lilimvunja mkono, lililofuata likampasua kichwa. Leso ikaanguka. Kuona lile pengo, wakasema huyu si wa kwetu. Alilia kwa Kikuria kwamba yeye ni Ryoba, lakini maneno yalitoka na damu na mate, hayakueleweka. Wakamvisha tairi shingoni.

Mellen muuza ndizi alishuku kuwa ni Ryoba, akanipigia simu. Nikafika kwa boda boda, petroli tayari inanuka.

"Mama, huyu ni mume wako?" vijana wakaniuliza.

Nikainama. Uso umevimba kama kiwele. Macho yananiomba.

"Kwa sura simjui," nikasema. "Wangu namjua kwa kilio. Mpigeni kimoja cha mgongo nisikie."

Wakampiga.

"Uuui, Priscilla!"

"Anafanana naye. Hebu kingine, nisije nikabeba mume wa mtu."

Siku hizi, tangu nilipombeba kurudi nyumbani, hatafuti kioo. Uji anakunywa akinitazama mimi.